Walokole wa Kilatino na Funguo za Kanisa Lao

Bwana Yesu asifiwe sana.

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu ambao mko jikoni tangu alfajiri, ndugu na dada: nawasalimu. Niliombwa nizungumze juu ya kanisa na utamaduni wetu ugenini. Nadhani waandaaji walitarajia niseme juu yetu sisi, Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya tunaosali kwa Kiswahili hapa Marekani. Nitafika huko, lakini nitapitia nyumba ya jirani kwanza.

Wengi wetu tunafanya ibada Jumapili mchana kwa sababu asubuhi jengo lina watu wake, na mara nyingi watu hao ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Tunapishana nao mlangoni. Wao wanabeba gitaa na matari kutoka nje, sisi tunaingiza kinanda na ngoma. "Dios le bendiga," Mungu akubariki, wanatuambia, nasi tunaitikia "Amina", tukaishia hapo. Huko jikoni kwao kuna sufuria kubwa ya tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya hindi na kupikwa kwa mvuke, unaouzwa baada ya ibada. Ukiuliza pesa ni ya nini utaambiwa: mwezi huu ni ya kusafirisha maiti ya ndugu mmoja kwenda kuzikwa kwao Honduras, mwezi uliopita ilikuwa ya wakili wa uhamiaji. Mama anayehesabu zile dola mojamoja kwenye kopo la kahawa anaandika kila jina kwenye daftari la shule. Hesabu za namna hiyo nasi tunazijua.

Hawa watu wana zaidi ya miaka 100 katika safari ambayo sisi tumeianza juzi. Na ninachotaka kusema leo ni hiki: mlokole wa Kilatino aliambiwa, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani. Aliamini. Lakini pale alipokaa kwenye benchi la mtu mwingine, Ulatino wake ulibaki kuwa wimbo wa dakika tano katikati ya ibada ya wenyewe. Ulipata nguvu alipoanza kushika uongozi, hazina na funguo za jengo. Tunapenda kudhani kwamba ukihubiri kwa lugha yako umeshahifadhi kabila lako. Historia yao inaonyesha kwamba lugha peke yake haikutosha.

Turudi 1906. Los Angeles, mtaa wa Azusa, namba 312, palipowaka uamsho mkubwa wa Kipentekoste. Jengo lilikuwa bovu, lilikuwa limetumika hata kama zizi. Mhubiri alikuwa William Seymour, mtu mweusi kutoka Louisiana, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani. Weusi, weupe na Wamexico walipiga magoti pamoja sakafuni, jambo ambalo magazeti ya mji yaliliona ni kichaa. Miongoni mwao walikuwa mume na mke, Abundio na Rosa López, na ushuhuda wao ulichapwa katika gazeti la kanisa lile mwaka uleule. Kwa hiyo Wamexico hawakuja baadaye kama wageni waalikwa. Walikuwemo tangu moto unawashwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Frank Bartleman, mzungu aliyekuwepo na akaandika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba miaka michache baadaye Wamexico maskini, wasiojua kusoma, waliosimama kutoa ushuhuda walizuiwa na kiongozi wa ibada, bila huruma. Kiongozi huyo Bartleman hamtaji kwa jina. Bartleman alilinganisha jambo lile na kumuua Roho wa Mungu. Mimi nikilisoma huwa najiuliza wale watu walikwenda wapi Jumapili iliyofuata. Jibu moja tunalo: Wamexico walianza kukusanyika kwenye makanisa yao wenyewe kusini mwa California, na 1925 mjini San Bernardino wakafanya mkutano mkuu wao wa kwanza, wakamweka Francisco Llorente kuwa askofu wao mkuu. Hiyo ndiyo Asamblea Apostólica, yaani Kusanyiko la Kitume, iliyopo mpaka leo.

Kanisa hilo lilikuwa la vibarua wa mashambani. Watu walifuata mavuno: pamba, zabibu, machungwa, kutoka bonde hili hadi lile. Mshirika akihama, mchungaji wake alimwandikia barua ya utambulisho. Akifika kambi mpya hamjui mtu, anaitoa ile barua mfukoni, anapokelewa, anapewa pa kulala na anaonyeshwa mahali penye kazi. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Mexico walisukumwa warudi Mexico, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani. Waumini walikuwemo, na walivuka mpaka na barua zao na nyimbo zao. Serikali mbili zilikuwa zinabishana juu ya nani ni mtu wa wapi, wakati kanisa lilikuwa na karatasi yake inayosema huyu ni wetu.

Lakini kisa ninachotaka tukikalie ni cha Francisco Olazábal, kwa sababu kinatuhusu sana.

Olazábal alizaliwa 1886 jimbo la Sinaloa, Mexico. Alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kabla hajajiunga na Wapentekoste wa Assemblies of God. Alikuwa na karama ya kuponya, kauli ya moto, na elimu kuliko wengi waliomzunguka. Alijenga kanisa kubwa El Paso, Texas, mpakani kabisa. Kazi ya Assemblies miongoni mwa Wamexico ilikuwa chini ya mmisionari mzungu, H. C. Ball, kijana aliyeanzia Kingsville, Texas, mwaka 1915. Nisimseme vibaya Ball: alijifunza Kihispania, akaanzisha gazeti, akachapa kitabu cha nyimbo kilichoimbwa na vizazi. Aliwapenda watu wale. Lakini kiti cha juu kilikuwa chake, na Wamexico walipoona wakati umefika wa kumchagua mwenzao, walicheleweshwa. Kulikuwa pia na mvutano juu ya chuo cha Biblia: kiwe wapi, kisimamiwe na nani, nani ashike pesa. Olazábal akatoka. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa ufupi kwamba wagringo, yaani wazungu wa Marekani, ndio wanaoshika usukani. Mwaka 1923 akaanzisha shirika lake, Baraza la Wamexico.

Na wale waliobaki? Walisubiri mpaka 1939 ndipo Demetrio Bazán, mwenzao, akakalia kile kiti. Hesabuni wenyewe. Miaka 16 baada ya mtu kuondoka kwa kulidai jambo hilohilo.

Olazábal hakukaa Texas. Mwaka 1931 alifika New York, Harlem ya Kihispania, akafanya mikutano ya uponyaji iliyojaza kumbi. Huko hakuwakuta Wamexico. Aliwakuta Wapuerto Rico. Nao walikuwa na historia yao, inayozunguka kama meli iliyokosa bandari. Kimbunga kilipiga Puerto Rico 1899, kikaangusha migomba na mibuni, na maelfu ya watu wakachukuliwa kwenda kulima miwa Hawaii. Huko Hawaii walipitia wahubiri wa Kipentekoste waliokuwa njiani kwenda Asia. Kijana mmoja wa mashamba hayo, Juan Lugo, aliokoka 1913, akarudi kisiwani kwao 1916 na kuanza kuhubiri barabarani katika mji wa Ponce. Madhehebu ya Kiprotestanti kutoka Marekani yalikuwa yamekwisha kugawana kisiwa tangu kilipotekwa 1898, hili kaskazini, lile kusini, kama wakubwa walivyogawana Afrika kule Berlin. Lugo hakuwa na fungu lolote kwenye mgao huo. Alikuwa mwenyeji. Watu walipoanza kuhamia New York kutafuta kazi, kanisa lao likawafuata hadi Brooklyn mwaka 1928.

Basi Mmexico Olazábal akawa baba wa Wapuerto Rico, na shirika lake likabadilishwa jina: kutoka Baraza la Wamexico likawa Baraza la Amerika ya Kilatini. Nawaomba mlione hilo. Mtu anaondoka kwao akiwa Mpuerto Rico au Mmexico. Hakuna anayezaliwa kijijini Sinaloa akijiita Mlatino. Anakuwa Mlatino huku, na mojawapo ya sehemu za kwanza alipofanywa Mlatino ni kwenye benchi la kanisa, akishika mkono wa mtu wa taifa lingine anayeomba kwa lugha anayoielewa.

Ningependa kuishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini 1937 Olazábal alikufa kwa ajali ya gari kule Texas, na kabla miaka miwili haijaisha Wapuerto Rico wa New York walikuwa wamejitenga na kuanzisha baraza lao. Uongozi uliopokea kiti ulikuwa wa watu wa asili ya Mexico huko Texas, na New York hawakujiona ndani yake. Hakukuwa na mgringo wa kulaumiwa safari hii. Nikiwatazama ninyi, nikikumbuka ni makusanyiko mangapi ya Kiswahili yamegawanyika kati ya watu wa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, kati ya waliotoka kambi ya Nyarugusu na waliotoka kambi ya Kakuma, au kwa sababu Kiswahili cha mchungaji kinaitwa cha bara, naona tunaweza kuliacha jambo hili bila maelezo.

Kuna upande wa gharama ambao walokole wengi hatupendi kuutaja. Mmexico akiokoka, anaacha nini? Anaacha sanamu ya Bikira wa Guadalupe iliyokuwa sebuleni kwa bibi yake. Tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Bikira huyo, mtaa mzima ukiandamana na maua, yeye yuko ndani. Anaacha ubatizo wa watoto, na pamoja nao ule undugu wa baba wa ubatizo na mzazi, ambao kwao ni ukoo kamili: ndio unaoleta kazi, mkopo, na mtu wa kukutoa rumande. Ndugu zake wanamwambia ameuza asili yake kwa dini ya Wamarekani. Wana jina la kejeli kabisa, "aleluyas", kama vile kwetu watu wanavyosema "wale walokole" huku wamekunja mdomo.

Wamisionari wengine walikuwa wamejibu tatizo hilo kwa kuwapa nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa, na kinanda cha miguu. Walokole maskini walifanya vingine. Kanisa la Kitume lilikuwa na watunzi kama Marcial de la Cruz, mhubiri aliyesafiri na gitaa. Gitaa! Chombo cha kilabuni. Wakaleta na matari, na kwa Wapuerto Rico güiro, kile kibuyu kikavu chenye mistari kinachokwaruzwa kwa kijiti. Walimwimbia Mungu kwa mapigo ya nyimbo zao za kupendana na za masimulizi ya vita. Dada aliyekuwa amekatazwa dansi maisha yake yote alikuta miguu yake inaruhusiwa tena, ndani ya kanisa. Kwa hiyo aliyeambiwa ameacha asili yake alikuwa ameihamisha. Sanamu ilibaki kwa bibi, mdundo ukaja naye. Kama biashara hiyo ilikuwa ya haki, sijui nani ana mizani ya kuipima. Mimi ni mlokole na bado nadhani bibi alikuwa na la kusema.

Mdundo huo ulifika mbali. César Chávez, Mkatoliki, kiongozi wa vibarua wa mashambani, alipokuwa bado mwandaaji kijana huko Madera, California, aliingia kwenye kikanisa cha Kipentekoste cha watu wachache, nyumbani kwa mchungaji. Alishangazwa na jinsi walivyoimba na kupiga makofi. Alisema mwenyewe kwamba hapo ndipo alipopata wazo la kuimba kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi. Na yule Reies López Tijerina, aliyeongoza watu kuvamia mahakama ya Tierra Amarilla huko New Mexico mwezi Juni 1967, wakidai ardhi walizopokonywa babu zao? Alikuwa amesoma chuo cha Biblia cha Assemblies na kuhubiri kwa miaka. Mimi simpigii makofi mtu anayeingia mahakamani na bunduki. Ninasema tu kwamba wanaodai ulokole huwafanya watu wakae kimya wakingoja mbingu hawajasoma historia hii vizuri.

Na kabla mama zetu hawajaninung'unikia: yupo Leoncia Rosado, waliyemwita Mama Leo, mhubiri Mpuerto Rico wa New York. Miaka ya 1950 heroini iliingia mitaa ya Bronx ikawamaliza vijana, na makanisa mengi yakafunga milango kwa kuogopa wezi. Yeye alifungua. Mwaka 1957 alianzisha huduma ya vijana walionaswa na dawa, wakilala kanisani, wakitapika usiku, wakiombewa na kulishwa. Wengine wakawa wachungaji. Kijana aliyekataliwa na shule, na polisi, na mara nyingine na mama yake mzazi, aliitwa hermano, yaani ndugu, kwa Kihispania chake kibovu cha Bronx. Lakini semeni ukweli pia: katika Asamblea Apostólica niliyoisifu, mwanamke hupanda madhabahuni akiwa amefunika kichwa na uchungaji hapewi. Funguo huweza kutoka kwa mzungu zikaishia mfukoni mwa wanaume.

Siku hizi picha imezidi kuwa na rangi nyingi. Assemblies of God nchini Marekani, zaidi ya mshirika mmoja katika kila watano ni Mlatino, nao wana majimbo yao yanayoongozwa kwa Kihispania. Kutoka Guatemala na El Salvador yamekuja makanisa kama Elim, yaliyozaliwa hukohuko, yakiwafuata watu wao Los Angeles. Hapo mmisionari anatoka Kusini kuja Kaskazini. Na ndani ya hao wamo watu ambao Kihispania kwao ni lugha ya mwalimu na ya askari. Huko Oakland, California, Wamam kutoka nyanda za juu za Guatemala wanaabudu kwa Kimam. Kwenye kanisa la Walatino wangekuwa wachache walewale waliokuwa kwao, wakisikiliza kutoka nyuma. Hilo nawaachia ndugu zetu Wabembe na Wafuliru wa Kongo, maana mnalijua kuliko mimi.

Sasa vijana. Mwaka 2010, kati ya Walatino wazima wa Marekani, asilimia 67 walisema ni Wakatoliki. 2022 walikuwa asilimia 43, kwa hesabu za taasisi ya utafiti ya Pew. Mlokole anaposikia hivyo anasema haleluya, wanakuja kwetu. Hapana. Waprotestanti, pamoja na Wapentekoste, wamebaki palepale, karibu mmoja kati ya watano. Waliopanda ni wasio na dini yoyote: asilimia 30 ya wote, na kwa walio chini ya miaka 30 karibu nusu. Watoto wa yule mama wa tamales wanazungumza Kiingereza wao kwa wao huku mahubiri ya Kihispania yanaendelea. Makanisa mengine yamewapa ibada ya Kiingereza saa tofauti, mengine vifaa vya masikioni vya kutafsiria. Nimeyaona yote mawili. Vifaa vya masikioni vinamfanya mtoto awe mgeni nyumbani kwa baba yake. Kilichonivutia ni kanisa moja ambalo kijana wa miaka 20 ndiye mtunza hazina: anasoma taarifa ya fedha kwa Kiingereza, wazee wanamrekebisha kwa Kihispania, wanacheka, na taarifa inapita. Sijui kama anapenda nyimbo zao. Ila Jumapili hakosi, kwa sababu daftari liko kwake.

Neno moja juu ya wakati huu. Tangu 2011 maofisa wa uhamiaji walikuwa na agizo la kutokamata watu makanisani isipokuwa kwa sababu nzito. Januari 2025 ulinzi huo uliondolewa. Kuna wachungaji wa Kilatino waliokuwa wamewaambia washirika wao wapigie kura upande wa Trump, ulioondoa ulinzi huo, kwa sababu ya mimba na ndoa, na sasa wanaomba mlinzi asimame mlangoni wakati wa ibada. Mimi sikuja kuwahukumu. Siasa zao si za upande mmoja: ukipita kati yao utamkuta mchungaji aliyesali kwenye kuapishwa kwa rais mwaka 2017, na utamkuta mwingine anayewaficha watu. Lakini mtu aliyedhani kwamba imani yake imemfanya kuwa wa nyumbani alikumbushwa na serikali kwamba bado ana sura na lafudhi.

Kesho asubuhi mna ajenda namba nne: kujiunga, au kutojiunga, na dhehebu la Kimarekani lililotukaribisha kwa moyo mzuri. Sina kura, na sitawaambia mpige vipi. Naomba tu mwenyekiti ayapokee maswali haya kabla mikono haijainuliwa. Tukinunua jengo, hati itaandikwa jina la nani? Tukimtaka mchungaji, tutamchagua sisi au ataletwa? Je, tutaruhusiwa kuwa na jimbo letu, na msimamizi wake atakuwa nani miaka mitano ijayo, si miaka 16 ijayo? Na sisi wenyewe, tukishapewa funguo, mama zetu na Wabembe na watoto wasiojua Kiswahili watashika ipi?

Nimemaliza. Mwenyekiti, kama muda upo, nipo tayari kwa maswali.